Je, wajua kwa nini Wamakonde wa Kenya waliandamana hadi Ikulu ili waitwe Wakenya?

Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde, wake kwa waume, waliondoka Kwale, pwani ya Kenya, kwa miguu wakielekea Nairobi. Hawakudai ardhi wala fidia. Walidai kitambulisho. Wengi wao walizaliwa Kenya, na wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za Mwingereza, kuanzia miaka ya 1930, kukata mkonge na miwa. Iweje mtu awe mgeni katika kijiji alimozikwa babu yake?

Chanzo ni sheria ya siku ya uhuru. Katiba ya 1963 ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya, mradi mzazi wake mmoja awe amezaliwa Kenya pia. Kibarua aliyezaliwa Msumbiji chini ya Wareno hakuwemo. Mtoto wake aliyezaliwa Msambweni, huko Kwale, naye akakwama, kwa kuwa mzazi wake hakuzaliwa Kenya. Hivyo ugeni ukarithiwa kizazi baada ya kizazi.

Wapemba waliathirika vilevile, na habari yao inauma zaidi ukikumbuka historia ya mwambao. Hadi Desemba 1963 ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Mvuvi aliyetweka tanga Pemba akaja kuvua Kwale au Kilifi hakuwa amevuka mpaka wowote alioujua. Wengine walifuata baada ya Mapinduzi ya 1964. Walisali misikiti ile ile na majirani zao, wakazungumza Kiswahili kile kile, wakaoana nao. Lakini kwa serikali hawakuwepo.

Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo hata M-Pesa unaitumia kwa jina la mtu mwingine. Hufungui akaunti benki, hupigi kura, na mvuvi hapati leseni. Ukikutana na polisi barabarani, mfuko ndio unaojibu. Baadhi walijiandikisha kwa majina ya Wadigo, wenyeji wa Kwale, ili watoto wao wapate karatasi, na jirani Mdigo aliyekubali kusimama kama mzazi alijua anachofanya. Ndiyo maana naamini mtazamo ulibadilika vijijini kwanza, kwenye harusi, vyombo vya uvuvi na misiba, miaka mingi kabla ya kubadilika ofisini.

Serikali ilianza kusogea na sheria ya uraia ya 2011, iliyofungua mlango kwa watu wasio na utaifa waliokuwa wakiishi Kenya tangu uhuru, pamoja na vizazi vyao. Mlango huo ulikuwa wa muda, na kwa miaka mitano Wamakonde walizungushwa tu. Ndipo wakaandamana, wakisaidiwa na watetezi wa haki za binadamu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaagiza wapewe vitambulisho ifikapo Desemba. Wakatambuliwa kuwa kabila la 43.

Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kabila la 44. Wao hawakukosa karatasi: mababu wa wengi walikuja wakati wa ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896, na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Nairobi mwaka 1965, alitoka kwao. Walichokosa ni kuhesabiwa kuwa wenyeji. Washona waliotoka Zimbabwe wakapewa uraia mwaka 2021, Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023.

Nafurahia kila hatua ya hizo, lakini njia yenyewe inanitia wasiwasi. Inaelekea kwamba nchini Kenya, ili uonekane raia kamili, sharti kwanza uwe kabila kwenye orodha. Familia moja yenye asili ya Burundi, isiyo na kundi kubwa la kuandamana nalo, itapitia wapi?

Na orodha yenyewe haitoshi. Wasomali wa Kenya wamo humo tangu zamani, lakini mwaka 1989 walichujwa peke yao ili wathibitishe uraia. Wanubi, wajukuu wa askari wa Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza na kupewa makazi Kibera, watoto wao waliendelea kupigwa msasa, yaani kuhojiwa na kuchunguzwa uraia wao, mbele ya kamati kabla ya kupata kitambulisho, jambo ambalo mtoto wa Nyeri hakufanyiwa. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kuwa Kenya ilikuwa inawabagua watoto hao. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufuta upigaji msasa huo, akianzia kaskazini mashariki. Sasa kazi imebaki kwa maafisa wa usajili na machifu, ambao ndio hukutana na kijana wa miaka 18 anapokuja kuomba kitambulisho chake cha kwanza.