Besi ni unene wa sauti, si ukubwa wake

Juzi niliingia duka la vyombo vya muziki Kariakoo kununua nyuzi. Mbele yangu alikuwepo kijana wa kwaya aliyetumwa na wenzake kununua gitaa la besi. Muuzaji akachomeka gitaa moja kwenye amplifaya, akazungusha kidude kilichoandikwa besi mpaka kikagota, vioo vya kabati vikaanza kutetemeka. "Hii ndiyo besi, mdogo wangu," akamwambia. "Ile nyingine haina besi." Ile nyingine, iliyokuwa imetundikwa ukutani, ilikuwa gitaa la besi vilevile, na shingo yake ilinyooka vizuri kuliko ya hilo lililokuwa likinguruma. Kijana akaitikia kwa kichwa na kuanza kuhesabu hela.

Kauli hiyo nimeisikia harusini, kwenye mazoezi ya kwaya, kwa wauza sabufa na hata kwa watu wanaopiga gitaa hilo miaka mingi. Watu wanasema "ongeza besi" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na anayeambiwa analifanya la nne. Kwa hiyo nieleze.

Besi ni sauti nene kuliko zote katika muziki unaopigwa, na kwa sababu hiyo ni jina pia la chombo au mwimbaji anayeibeba. Kwenye kwaya ni sauti ya nne. Kwenye bendi ya dansi ni gitaa la nyuzi nne au tano. Kwenye taarab asilia ya Unguja ni lile dabo besi la mbao linalomzidi mpigaji wake kimo. Maana ni hiyo tu, na hakuna ndani yake neno lolote linalotaka sauti iwe kubwa.

Lugha yetu ina mizani mbili za kupimia sauti, na hatuzitumii inavyostahili. Ya kwanza ni ukubwa na udogo. Ya pili ni unene na wembamba. Kichanga kina sauti nyembamba, lakini kikilia usiku wa manane nyumba tatu zinaamka: nyembamba na kubwa. Mzee akikunong'oneza jambo msibani, sauti yake ni nene na ndogo. Kila Mswahili analijua hili bila kufundishwa. Mkanganyiko ulikuja pale tulipoanza kusema "sauti ya juu" na "sauti ya chini" kwa kufuata namna nota zinavyopangwa kwenye karatasi, kwa sababu kwetu "sauti ya chini" ni ya kunong'ona na "sauti ya juu" ni ya kupayuka. Nimeshuhudia mwalimu wa kwaya akiwaambia watu wa sauti ya nne "shukeni chini", nao wakapunguza sauti huku nota ikibaki palepale. Mwalimu akakasirika, wanakwaya wakaduwaa, na wote walikuwa sahihi kwa mizani waliyoishika. Angesema "neneni" wasingemwelewa, lakini angesema "iwe nene zaidi" wangefika.

Watangazaji wa zamani wa redio walikuwa na sikio zuri katika hili. Walisema fulani "analiungurumisha gitaa zito la besi", wakati mpiga solo "analicharaza" na wa ridhim "analikung'uta". Zito, si kubwa. Kabla ya magitaa, wapiga ngoma wa pwani walikwisha kulipanga jambo hili kwa majina: chapuo ndogo inayoalika kwa sauti nyembamba, na vumi inayovuma chini yake. Jina vumi lenyewe limo ndani ya kitenzi kuvuma. Msondo nao ni ngoma, ile ndefu, na bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz ndiyo leo inaitwa Msondo Ngoma. Wazo la besi, basi, halikushuka na meli pamoja na umeme. Neno ndilo lililosafiri.

Na safari ya neno hilo ndiyo hasa iliyonifanya nikae kuandika, maana kuna uongo mmoja umeenea sana. Nilihudhuria warsha ya wapigaji wa makanisani ambako mwezeshaji aliandika ubaoni: besi maana yake msingi. Akaeleza kwamba linatokana na neno la Kiingereza la msingi, kama msingi wa nyumba, na ndiyo maana mpiga besi hapaswi kuhamahama. Daftari zote zikaandika.

Si kweli. Yapo maneno mawili ya Kiingereza yanayotamkwa sawasawa kabisa, "beis": base la msingi na bass la muziki, na hayana undugu. La msingi lilitoka kwa Wagiriki, ambao basis kwao ilikuwa hatua, kukanyaga, kisha kitu cha kukanyagia, yaani kitako cha nguzo. La muziki lilitoka kwenye Kilatini cha nyakati za baadaye, bassus, lenye maana ya kitu kifupi, kilichoshiba, kilicho chini. Warumi walikuwa wameshalitumia kama jina la ukoo. Waitalia wakalifanya basso na kuiita hivyo sauti ya chini kabisa ya waimbaji. Waingereza wakalipokea, wakachukua herufi kutoka kwa Waitalia lakini matamshi wakabaki nayo ya kwao, na ndiyo maana linaandikwa kwa a na kusomeka kwa e. Sisi tulilichukua kwa sikio, si kwa jicho, tukapata besi. Tungelisoma kwenye karatasi leo tungekuwa na "basi", na mpigaji angechanganywa na dereva.

Ona sasa: bassus ya Kilatini ni neno la umbo la mwili, ufupi na unene, na Kiswahili bila kuulizwa kiliita sauti hiyo hiyo nene. Lugha mbili zisizojuana zimeikamata sauti kwa mkono uleule. Jambo hilo linanifurahisha kila ninapolikumbuka, na linanisikitisha kwamba tunaliacha na kwenda kushika msingi wa nyumba.

Mtaniambia ni mfano tu, una ubaya gani? Ubaya upo mikononi mwa vijana. Aliyefundishwa kwamba besi ni msingi anakaa kwenye nota ya kwanza ya kila kodi, yaani fungu la nota zinazopigwa pamoja, na kuigonga mpaka wimbo uishe. Lakini besi ndiyo inayoamua kodi ni ipi. Wenzako wa juu wakipiga C, yaani do, mi na so, nawe ukiweka nota ya la, yaani A, chini yao, sikio la msikilizaji halisikii C tena. Linasikia kodi nyingine, A ndogo ya saba, na wimbo mzima umegeuka uso bila mpiga kinanda kusogeza kidole. Msikilize mpiga besi Mpudi Decca alivyopiga ndani ya TP OK Jazz, bendi ya Luambo Makiadi wa Kongo: besi inatembea, inauliza, inanyamaza pigo zima na kurudi pale usipoitegemea. Msingi wa nyumba hausogei, na nyumba haichezeki.

Turudi kwenye unene, kwa namba kidogo. Uzi mnene wa gitaa la solo, E, ukiachwa wazi hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, na hapo ndipo wanapoishia wanaume wengi wa sauti ya nne wakishuka hadi mwisho wao. Uzi wa E wa gitaa la besi hutikisika mara 41, oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do nyingine, chini yao. Katika seti za kawaida za madukani, uzi mwembamba kuliko wote wa besi una unene wa inchi 0.045, na uzi mnene kuliko wote wa solo una 0.046. Linapoishia moja ndipo linapoanzia jingine. Urefu nao unatofautiana: kutoka daraja la nyuzi hadi kichwani, besi ya kawaida ina inchi 34, ilhali solo nyingi za kampuni ya Fender zina 25.5. Mwenye kampuni hiyo, Mmarekani aitwaye Leo Fender, alipotoa gitaa lake la besi mwaka 1951 aliliita Precision, usahihi, kwa sababu lilikuwa na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, na mpigaji hakuhitaji tena kubahatisha nota kwenye shingo tupu kama ya dabo besi. Aliita usahihi. Angeweza kuliita ngurumo.

Sauti nene ina tabia zake, na hizo ndizo zinazowafanya watu wadhani ni suala la ukubwa. Sikio la binadamu halizisikii sauti nene kwa wepesi kama zile za katikati, kwa hiyo ili besi isikike sawa na solo inataka nguvu nyingi zaidi ya umeme. Mpiga solo anaweza kutosheka na amplifaya ya wati 50 pale ambapo mpiga besi anatafuta 300. Nguvu hizo ni za kuifikisha, si za kuwapiga watu kifuani. Pia wimbi la ile E ya chini lina urefu wa mita 8 na ushei, kwa hiyo kwenye kanisa dogo linajikusanya pembeni na kwenye kona. Aliyekaa kona ya nyuma anaziba masikio na aliyekaa katikati anauliza mpiga besi yuko wapi. Fundi mitambo asiyetembea ukumbini hawezi kulijua hilo, hata awe na mikisa ya bei gani.

Sasa akija mtu na kusema "ongeza besi", na fundi akazungusha kile kidude cha besi mpaka mwisho, kinachoongezeka ni mvumo. Nota zinagandamana, do na re zinafanana, na aliyekuwa hasikii bado hasikii, ila sasa anatetemeka. Mara nyingi dawa ni kinyume: punguza mvumo kidogo, pandisha sauti za katikati, na nota zitajitokeza zenyewe. Na anayechomeka besi kwenye amplifaya ya solo au kwenye sabufa ya nyumbani ili "itoe besi" asishangae. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na spika isiyotengenezwa kwa nyuzi hizo hupasuka mapema kuliko ngoma.

Mkononi ni hivyohivyo. Wanafunzi wangu wengi wanakuja wakiwa wanazivuta nyuzi kama wanaochota maji kisima kirefu, kwa sababu wameambiwa besi lazima iungurume. Uzi ukivutwa kwa nguvu unagonga freti na kukwaruza, na nota yake huanza ikiwa imepanda kidogo kabla ya kurudi mahali pake, kwa hiyo unakuwa nje ya sauti wakati ulidhani unakuwa mzito. Gusa kwa wepesi, kidole cha shahada na cha kati vipokezane, ukubwa uachie amplifaya. Mkono wa kushoto ubonyeze nyuma tu ya freti, usiwe juu yake wala mbali nayo. Vidole visivyo na kazi vilale juu ya nyuzi zisizopigwa ili zinyamaze, maana uzi mnene ukiachwa peke yake huendelea kuvuma chini ya nota nyingine na kuchafua kila kitu. Hilo la kunyamazisha ndilo ninalolifundisha mwezi wa kwanza wote, na ndilo linalowachosha. Wakilipata, besi yao inanenepa bila mtu kugusa kidude chochote.

Kijana wa Kariakoo nilimwomba asubiri kidogo. Nilimwomba pia muuzaji, kwa heshima, aniteremshie lile gitaa la ukutani. Sikulichomeka popote. Nilimpa kijana alipakate, nikamwambia aweke kidevu chake juu ya ile pembe ya mbao karibu na shingo, apige uzi wa E taratibu, asikilize kwa mfupa. Alipiga mara moja, akatulia, akapiga tena. Muuzaji naye akaja akaweka kidevu. Kisha tukapitia freti moja baada ya nyingine kuona kama ipo inayokwaruza, tukalinganisha nota ya freti ya 12 na ile kengele ya uzi ukiguswa bila kubonyezwa palepale. Zilikubaliana.

Nilimwambia hivi, nami nawaambia wengine kwa wema uleule. Mdogo wangu, ukifika mazoezini na mtu akakwambia ongeza besi, muulize kwanza: hunisikii, au sauti yangu ni nyembamba? Akisema hakusikii, ongeza sauti. Akisema ni nyembamba, hapo ndipo mzungumze habari za besi.