Dhana Potofu Kuhusu Makabila ya Tanzania na Mifuko Yao

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoambiwa usoni, kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam, kwamba watu wa kusini "mnapenda ngoma kuliko kazi." Aliyesema alikuwa akitabasamu, kama anayetaja jambo linalojulikana na wote. Mimi ni mzaliwa wa Lindi. Msimu wa korosho mama yangu alikuwa akiondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na karibu kila moja limeshonewa kauli yake. Nyingi ni utani, na utani nitaurudia. Lakini zipo tunazoziamini kwa dhati, tukazitumia kuajiri, kuoza na kukopesha. Hizo ndizo ninazozijibu hapa.

Dhana: Watu wa kusini ni maskini kwa sababu ni wavivu

Nitakaa hapa kuliko penginepo, maana ndipo panaponiuma.

Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 huko Umatumbi. Wajerumani walivimaliza kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Mahali palipokuwa na vijiji pakageuka pori. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1947, Waingereza wakaja na mpango wa karanga: Kongwa, Urambo, na kwetu Nachingwea. Walitumia takriban pauni milioni 36, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Karanga zilipokosekana, reli nayo ikang'olewa.

Wakulima wakabaki na korosho, na waliiweza. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Familia zikahamishiwa kwenye vijiji vipya, mikorosho ikabaki kulekule ilikopandwa, umbali wa saa kadhaa kwa miguu. Mkorosho usiopaliliwa humezwa na vichaka na moto ukapita. Bei nayo ilikuwa mbaya. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ni watu walewale na mikono ileile.

Halafu barabara. Hadi mwaka 2003, anayetoka Lindi au Mtwara kwenda Dar es Salaam kwa gari alivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Nakumbuka safari moja ya masika nikiwa mdogo: basi limezama tope hadi ekseli, abiria tumelala kando ya barabara usiku wa pili, akina mama wa pale wakituuzia wali na samaki kwa mwanga wa koroboi. Nyuma yetu malori yamepanga foleni, na kila siku moja ya foleni ilikuwa hasara ya mtu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka huo tulishangilia, ingawa kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa cha vumbi na tope kwa miaka mingi.

Na kazi yenyewe? Kuanzia mwezi wa tano unapuliza salfa, dawa ya mikorosho, unga wake unachoma macho usiku kucha. Mwezi wa kumi unainama kuokota, moja moja, unatenganisha korosho na bibo. Ukibangua mwenyewe, mafuta ya ganda yanababua ngozi; mama ana madoa meusi kwenye ncha za vidole mpaka leo. Kabla ya hapo kuna kangomba: mtu ana shida ya ada ya mtoto mwezi wa tatu, anauza mavuno ya mwezi wa kumi wakati mti haujatoa hata ua, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Minada ya stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi na mzigo huuzwa kwa mnada, iliyoanza mwaka 2007, imepunguza maumivu hayo bila kuyamaliza. Msimu wa 2017/18 korosho zilipita tani 300,000, na sehemu kubwa iliondoka nchini ikiwa ghafi. Kazi ya kubangua, pamoja na mshahara wake, ikaenda India na Vietnam.

Anayetuita wavivu aje Oktoba.

Dhana: Mchaga ana pesa kwa sababu ni Mchaga

Hii husemwa kama sifa, lakini inapotosha vilevile. Kahawa ilifika Kilimanjaro na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na shule zao zikafika pamoja nayo. Walowezi walipotaka kuwazuia Waafrika wasilime zao hilo, wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu kilichouza kahawa yao na kuwapa sauti. Fedha ya kahawa ikawa ada ya shule.

La pili ni ufinyu wa ardhi. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba juu na kahawa chini, hugawanywa kila kizazi kinapokua. Kijana wa tatu au wa nne hana pa kusimamisha jembe. Anateremka mjini, anaanza na genge, baadaye duka. Wengi wetu tunaliona duka, kihamba kilichogawanywa hadi kikaisha hatukioni. Na wapo Wachaga wengi tu ambao duka hilo halikusimama.

Tukitaka kujua kauli hizi zinavyodanganya, tuwatazame Wasukuma, ambao mjini huitwa washamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vikawa shirikisho la Victoria mwaka 1955. Miaka michache baadaye lilikuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kuliko vyote Afrika, na Bomani akawa waziri wa fedha wa nchi huru.

Dhana: "Machinga" limetokana na "marching guys"

Maelezo haya yanapendwa sana, eti ni vijana wanaotembea kutwa na bidhaa mkononi. Wamachinga ni kabila, wako Lindi. Vijana kutoka kwetu walipofika Dar es Salaam bila mtaji wala ndugu ofisini, walibeba mitumba, saa na vyombo begani wakazunguka mitaani, na jina la kabila likawa jina la kazi. Leo kijana wa Kihaya anayeuza chaja za simu Kariakoo ni machinga, na wa Kigogo anayeuza karanga stendi ni machinga. Kwa hiyo "wavivu" wa kusini ndio walioipa jina kazi ya kutembea juani tangu asubuhi hadi usiku. Naona ni haki jina hilo likumbukwe lilikotoka.

Dhana: Wahindi waliletwa na Waingereza kujenga reli

Vibarua wa reli waliletwa kweli, kwenye reli ya Mombasa kwenda Uganda, na wengi wao walirudi kwao. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa Zanzibar kabla Waingereza hawajatawala hata shubiri moja ya Afrika Mashariki, na katika enzi ya Seyyid Said ushuru wa forodha ulikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1961, bunge lilipojadili uraia, walikuwapo waliotaka uwe wa Waafrika weusi peke yao. Nyerere alikataa kata kata. Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alikuja kuwa waziri wa fedha kwa miaka mingi. Ni kweli pia kwamba mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, hatua iliyowagusa zaidi Wahindi, na wengi wakahama. Yote mawili ni historia yetu.

Dhana: Wamasai ndio wengi, na wao ni ng'ombe tu

Kabila kubwa kuliko yote ni Wasukuma. Wamasai wako kwenye picha za watalii kuliko wanavyoonekana kwenye hesabu. Na mwaka 2020 mchimbaji mdogo wa Simanjiro, Saniniu Laizer, Mmasai, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti yenye zaidi ya kilo 14 kwa shilingi bilioni 7.74, akasema atajenga shule karibu na kwake. Ng'ombe anao pia.

Dhana: Umoja wetu ulishuka tu kutoka mbinguni

Namshukuru Mungu kwa amani, lakini kuna watu walioifanyia kazi, na kuna gharama iliyolipwa. Desemba 1962 Nyerere alilihutubia bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria. Mwaka 1969 sheria iliweka shule za misheni mikononi mwa serikali, na mtoto wa Bukoba akapangiwa Songea, akala ugali bweni moja na wa Tanga. Wengi walioana huko. Gharama zilikuwepo: lugha za nyumbani zinakufa taratibu, mimi mwenyewe Kimwera cha bibi nakielewa nusu. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, pamoja na vile vya kahawa na pamba, vilivunjwa kwa amri ya serikali. Wakulima waliumia sana.

Utani nao ulifanya kazi yake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Niliwahi kuona maziko ambapo kaburi lilikuwa tayari, jeneza limeshawekwa kando, na mtani wa marehemu akashuka ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe. Wafiwa waliokuwa wakilia tangu jana walianza kucheka huku machozi yanatiririka. Wakachanga sarafu, akatoka, akajipangusa udongo. Koleo la kwanza la kufukia alilishika yeye.

Dhana: Serikali inajua kila kabila lina watu wangapi

Takwimu za makabila unazokutana nazo mtandaoni ni makadirio. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karani alipofika kwa mama na kishikwambi chake nilikuwepo. Aliuliza umri, elimu, paa la nyumba, choo, mifugo. Mama alijibu yote, akasubiri. Mwisho akasema mwenyewe, "Na sisi ni Wamwera." Karani akatikisa kichwa kwa upole: "Mama, hiyo haina pa kuandika." Akafunga kifaa chake, akaomba maji ya kunywa. Mama akaenda kumletea, na korosho za kukaanga kwenye kisahani.