Kichwa Kinauma na Ulikunywa Pombe: Umeze Kidonge Gani?

Ukiniuliza mimi mfamasia kidonge gani cha maumivu kinamfaa mnywaji, nitakuuliza kwanza: unakunywa kiasi gani, na mara ngapi?

Parasetamoli huvunjwavunjwa na ini. Sehemu kubwa hutoka salama, ila sehemu ndogo hugeuka sumu iitwayo NAPQI, ambayo ini huizima kwa glutathioni, kinga yake ya asili. Anayekunywa kila siku ana balaa mbili kwa mpigo: pombe imelizoesha ini lake kutengeneza sumu hiyo kwa wingi zaidi, na glutathioni yake imepungua, hasa kama hali chakula vizuri. Kwa hiyo kikomo cha mtu mzima, gramu 4 kwa siku, si chake. Asivuke gramu 2, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, na kwa siku chache tu. Mwenye ugonjwa wa ini amwone daktari kwanza.

Kwa aliyekunywa bia mbili jana na si mnywaji wa kila siku, bado ningempa parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Wengi huikwepa kwa kuhofia ini, wakakimbilia ibuprofeni, diklofenaki au aspirini. Hizo huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazolinda ukuta wa tumbo, ukuta uleule ambao pombe imeshauchubua. Tena humezwa asubuhi, tumbo tupu, mwili umekauka maji, na hapo figo nazo huumia. Ikibidi ibuprofeni, kula na unywe maji kwanza, kisha miligramu 200 hadi 400, isizidi 1,200 kwa siku. Aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo aiache kabisa.

Mtego mkubwa ni dawa za mafua. Geuza pakiti usome maandishi madogo: mara nyingi kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500. Neno acetaminophen ni dawa hiyohiyo. Meza viwili mara tatu kwa siku, ongeza parasetamoli ya kawaida viwili mara tatu, umefika gramu 6. Dawa zenye kodeini, kiondoa maumivu cha jamii ya afyuni, usizichanganye na pombe hata glasi moja, kwani zote hudhoofisha upumuaji.

Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali mara moja. Ukigundua umezidisha parasetamoli, nenda hata kama hujisikii vibaya: siku ya kwanza mtu anaweza kuwa mzima kabisa huku ini likiharibika, na dawa ya kuizima sumu hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8. Beba na pakiti.