Akitaja Kusadikika, si lazima anajidai

Hapa Mtwara, mtu akisema riwaya aipendayo kuliko zote ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, huambiwa anajidai msomi. Si kweli. Kitabu kinasimulia kesi: Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa visa vya wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi na habari za manufaa, wakafungwa. Mkulima wa korosho aliyewahi kupeleka malalamiko ya bei akaonekana mkorofi anaielewa kesi hiyo bila mwalimu. Wapo wanaotaja jina tu, ndiyo. Waulize kisa gani kiliwagusa. Mwenye mapenzi ya kweli atakusimulia mpaka daladala ifike Mikindani.