Kutoka Anwani ya IP Hadi Tundu la Ukutani: Kukitafuta Kifaa Kwenye Mtandao Wenye Ruta Nyingi

Mtoa huduma wa intaneti anawaandikia kwamba ndani ya taasisi yenu kuna kompyuta inayomwaga barua taka. Mnafungua kumbukumbu za fayawoli (mlinzi wa mpaka wa mtandao) na kukuta anwani ya ndani, 10.20.34.57. Sasa mashine hiyo iko chumba gani?

Ofisi yenye swichi moja (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja) hujibu swali hilo kwa dakika mbili. Chuo au hospitali ya rufaa yenye majengo kadhaa na ruta (vifaa vinavyounganisha mtandao mmoja na mwingine) katikati yake ni habari nyingine. Anwani ya IP hukufikisha mtaani. Anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao ya kifaa chenyewe, ndiyo inayokufikisha mlangoni, nayo haivuki ruta. Kila fremu, yaani kifurushi cha data, inapopita kwenye ruta, MAC ya chanzo huondolewa na kuwekwa ya ruta yenyewe. Ndiyo maana afisa wa TEHAMA anayeandika arp -a (amri ya kuonyesha jedwali la ARP, linalolinganisha IP na MAC) akiwa jengo la utawala hataiona kamwe MAC ya mashine iliyoko maabara. Atakayoiona ni ya ruta iliyo karibu naye, na wengine wameshaifungia hiyo wakidhani wamemkamata mhusika.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye ruta ya mwisho. Endesha traceroute (kwenye Windows ni tracert), inayoorodhesha ruta za njiani, kuelekea anwani unayoitafuta. Kituo cha mwisho kabla ya lengo ndicho kinachohudumia mtandao huo mdogo. Kama mashine haijibu, angalia jedwali la njia uone mtandao wa 10.20.34.0 umeunganishwa moja kwa moja na ruta ipi. Ingia humo, uliza show ip arp 10.20.34.57 au amri inayolingana nayo kwenye vifaa vyenu, uandike MAC utakayopewa. Penye ruta mbili zinazopokezana kwa VRRP au HSRP (taratibu za ruta moja kushika nafasi ya nyingine ikianguka), uliza zote mbili, maana mojawapo inaweza kuwa na rekodi ambayo mwenzake hana.

Ukishapata MAC, shuka kwenye swichi iliyo chini ya ruta hiyo na utazame jedwali lake la MAC: show mac address-table address, ikifuatiwa na ile MAC. Utapewa poti. Poti ikiwa inaelekea swichi nyingine, safari bado. LLDP, itifaki ambayo vifaa hujitambulisha kwayo kwa majirani, itakuambia jirani ni nani. Kwa kawaida matangazo yake hutoka kila sekunde 30 na rekodi hufutwa baada ya sekunde 120 za ukimya. Rudia swichi kwa swichi hadi poti isiyo na swichi jirani. Hapo hesabu MAC zilizopo. Ikiwa moja, umefika. Zikiwa mbili, mara nyingi ni simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake. Zikiwa nane bila jirani yeyote wa LLDP, huenda kuna mtu ameficha kiswichi cha bei nafuu chini ya meza.

Kinachowaangusha wengi ni muda. Ruta za Cisco, zisipobadilishwa, hutunza rekodi ya ARP kwa saa 4. Swichi nyingi husahau MAC baada ya sekunde 300 tangu mashine iliponyamaza. Hivyo kwa saa tatu na ushee unaweza kuwa na ruta inayosema "naijua" na swichi inayosema "siijui". Tofauti hiyo huharibu kazi ya kawaida pia: ruta hupeleka fremu, swichi haijui poti ya kuitoa, basi huisambaza kwenye poti zote za VLAN hiyo (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi). Watumiaji hulalamika mtandao mzito na hakuna anayeona sababu. Tiba ni kushusha muda wa ARP uwe chini kidogo ya ule wa MAC, tuseme sekunde 270, au kupandisha ule wa MAC uufikie wa ARP.

Mashine ikiwa imenyamaza lakini haijazimwa, iamshe. Watu hukimbilia ping (ujumbe wa kuuliza kama kifaa kipo), kisha fayawoli ya Windows inaitupa na wao wanakata tamaa. Futa kwanza rekodi hiyo moja ya ARP kwenye ruta, ndipo upige ping kutoka kwenye ruta yenyewe. Ruta italazimika kuuliza ARP upya, na kompyuta inayokataa ping bado hujibu ARP, la sivyo isingeweza kuwasiliana na yeyote. Jibu hilo likipita, swichi zote za njiani zinajifunza MAC upya. Una dakika tano za kuifuata.

Tatizo likigunduliwa siku mbili baadaye, majedwali hayatasaidia. Lazima mwe na kumbukumbu. Tumieni programu kama Netdisco, ambayo ni huria, isome majedwali hayo kwa SNMP (itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao) na kuhifadhi IP, MAC, swichi, poti na saa. Usomaji wa MAC uwe wa mara kwa mara kuliko muda wa kusahau: ukisoma kila saa moja huku swichi inasahau kila dakika 5, vifaa vingi vitapita bila kuonekana. Njia nyingine nzuri ni chaguo la 82 la DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), ambapo swichi hubandika jina la poti kwenye ombi la kifaa kabla halijafika kwenye seva. Tahadhari: ruta ya Cisco hutupa ombi lililobandikwa hivyo na swichi ya kawaida mpaka uiambie iiamini. Ukiwasha bila kujua hilo, ghorofa nzima inakosa anwani.

Saa za vifaa vyote zilinganishwe kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa. Seva moja ikiandika UTC (saa ya kimataifa) na nyingine saa za Afrika Mashariki, kuna pengo la saa 3, na anwani hiyohiyo inaweza kuwa imeshapewa mtu mwingine. Tena mlalamikaji akikuambia "saa nane", muulize kama ni mchana, usiku, au amesoma 8:00 kwenye simu.

Kwenye Wi-Fi jedwali la swichi huishia kwenye kituo cha kurushia mawimbi. Mbele ya hapo muulize kidhibiti cha Wi-Fi. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Utaitambua kwa tarakimu ya pili: 2, 6, A au E. Huko jina la mtumiaji kwenye kumbukumbu za RADIUS (huduma inayothibitisha wanaoingia mtandaoni) lina uzito kuliko MAC. IPv6, toleo jipya la IP, nayo hupa kifaa kimoja anwani kadhaa, na zile za muda hubadilika takriban kila siku, kwa hiyo jedwali lake la majirani, linalofanya kazi ya ARP, lisomwe sambamba na la ARP.

Kumbukumbu hizi huonyesha nani alikuwa wapi na saa ngapi, hivyo nchini Tanzania zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya na sheria yake ya 2019. Wekeni kikomo cha kuzitunza, na orodha fupi ya wanaoruhusiwa kuzisoma.

Ukifika kwenye poti, linganisha namba yake na lebo ya pachi paneli (ubao wa kuunganishia kebo za vyumbani), kisha na tundu la ukutani. Lebo zikikosekana usizime poti ili usikie nani atapiga kelele. Katika hospitali inaweza kuwa mashine ya wodini. Andika kwanza MAC zote zilizo kwenye poti hiyo, tazama herufi sita za mwanzo zinazomtaja mtengenezaji, kisha nenda chumbani ukiwa na kifaa cha kufuatilia kebo.