Mfupa mrefu si lazima uwe mnene

"Mfupa upo daktari, si unaona ulivyo mrefu?" Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, na mgonjwa aliyekuja na panorama yake (eksirei ya taya zima) mkononi akitaka tarehe ya kuwekewa kipandikizi, ile skrubu inayoingizwa kwenye mfupa kushika jino bandia. Mrefu, sawa. Na unene?

Panorama hulikunjua taya na kulilaza bapa. Unaona kimo, unaona gego hadi gego. Toka shavuni kwenda ulimini huoni kitu. Na jino likishang'olewa, mfupa huliwa zaidi upande wa shavu, kwa hiyo unaweza kubaki na kimo chake huku juu umechongoka. Kipandikizi cha milimita 4 kinataka mfupa wa 6 hivi, ibaki angalau 1 kila upande.

Kinachoniudhi zaidi ni lile bonde la upande wa ulimi, chini ya magego ya chini. Kwenye panorama halipo kabisa. Drili inashuka huku unaamini uko ndani ya mfupa, kumbe imetokezea nje, penye mishipa ya damu. Damu ikivujia chini ya ulimi, sakafu ya mdomo huvimba, ulimi husukumwa juu na nyuma, njia ya hewa ikaziba. Watu wamenusurika kufa kwa hili.

Kwenye panorama ya mgonjwa wangu nilipima milimita 15 juu ya mfereji wa neva. Panorama hukuza, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, tena si sawasawa kila mahali. CBCT, eksirei ya pande tatu, ilipokata palepale penye pengo: kimo 12, unene kule juu ya mfupa 3.5. Neva uiachie milimita 2, hilo halina mjadala.

Hata CBCT siiamini yote. Kofia za chuma kwenye meno ya jirani hutupa michirizi, na mfereji wa neva usioonyesha kuta zake nimewahi kuuchora mara mbili nikapata mistari miwili tofauti. Namba za ugumu wa mfupa zinazotolewa na programu siziamini, kwani hubadilika mashine kwa mashine. Ugumu nauhisi drili ikiingia. Mionzi yake pia kwa kawaida huzidi ya panorama, kwa hiyo napiga eneo dogo tu. Je, pengo moja lenye mfupa mpana nalo lipigwe CBCT? Hapo bado nasitasita. Kidole hupapasa upana, lakini fizi nene hukidanganya.

Nilimgeuzia skrini akaitazama ile 3.5. Tunaanza na kuongeza mfupa. Tarehe aliyoitaka itasubiri miezi kadhaa.