Plastiki za tochi ya kuchomelea: "inayeyuka kwa nyuzi ngapi?" si swali la kwanza

Mpini wangu wa kwanza wa tochi ya TIG (kuchomelea kwa tao la umeme linalokingwa na gesi) niliuchapisha kwa printa ya 3D, tena kwa PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki kwenye printa. Haukuyeyuka, wala haukutoa moshi. Baada ya mishono minne mitano, skrubu nilizokuwa nimezikaza barabara zikaanza kuzunguka bure na kichwa cha tochi kikawa kinayumba. Nilipoiweka chini nikaona mistari ya glavu yangu imejichora kwenye plastiki. Nilikuwa nimesoma kwamba PLA huyeyuka kwenye nyuzi 170 hivi za Selsiasi, nikajiona niko salama.

"Tafuta yenye kiwango kikubwa cha kuyeyuka, basi"

Plastiki hulegea mapema kabla ya kuyeyuka. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60, na plastiki nyingine mbili, ABS kwenye 105 hivi, polikaboneti karibu na 147. Hizi mbili za mwisho hata hazina kiwango kamili cha kuyeyuka. Zinalainika polepole kama nta. Kwenye karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, namba ya kuitafuta ni joto ambalo kipande hupinda kikiwa kimebeba mzigo, na ya pili ni joto ambalo kinaweza kukaa nalo muda mrefu bila kuchakaa.

Nailoni 66 inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Huyeyuka kwenye nyuzi 260 hivi. Ikiwa tupu, chini ya mzigo wa megapaskali 1.8, hupinda hata kabla ya kufika 100. Ichanganye na vinyuzi vya kioo asilimia 30, na itavumilia mzigo uleule mpaka karibu 250, ilhali kiwango cha kuyeyuka kiko palepale.

"Tao la umeme lina maelfu ya nyuzi, hakuna plastiki itakayostahimili"

Dai hili ni kinyume cha lile la kwanza, na inawafanya watu wakate tamaa bure. Ni kweli tao ni la maelfu ya nyuzi, lakini mpini haukai ndani ya tao. Nozeli ya mbele, yaani mdomo unaotoa gesi, ndiyo iliyo jirani nalo, na hapo plastiki haina kazi kabisa: weka kauri. Alumina, ambayo nozeli nyingi hutengenezwa kwayo, huyeyuka juu ya nyuzi 2000. Ukirudi nyuma, mambo yanapoa haraka. Ndiyo maana tochi za dukani zina mwili wa shaba uliovikwa mpira wa silikoni, ambao huvumilia nyuzi 200 muda mrefu, na kofia ya nyuma ya plastiki ngumu ya jamii ya bakelaiti. Bakelaiti haiyeyuki, ikizidiwa huungua na kuwa mkaa.

"Plastiki haipitishi joto, kwa hiyo itabaki baridi"

Hapa ndipo wengi wanaponaswa, hata mafundi wazoefu. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko plastiki ya kawaida. Ukiivika shaba gamba nene la plastiki, umeivika blanketi: joto linalopanda kutoka kichwani halina pa kutokea, na ule upande wa ndani unaogusa shaba unakuwa na joto la shaba yenyewe. Kwa nje mkono wako hausikii kitu, kumbe ndani skrubu zinaogelea. Kuongeza unene hakusaidii. Kinachosaidia ni kupunguza sehemu zinazogusana, kuacha nafasi ya hewa, kurefusha shingo, na kuipitisha gesi karibu na shaba ili iipoze.

Heshimu pia muda wa kazi. Tochi iliyoandikwa asilimia 60 inamaanisha dakika 6 za kuchomelea katika kila dakika 10, kwa ampia zilizotajwa.

"Teflon haiharibiki na chochote"

PTFE, ndilo jina la kitaalamu la Teflon, ni nzuri kweli: nyuzi 260 kwa muda mrefu, na umeme hauipiti. Ukiitumia kama pete bapa (washa) nyuma ya nozeli, iko mahali pake. Lakini ikibanwa hutiririka hata ikiwa baridi, kwa hiyo boliti iliyokaza leo italegea wiki ijayo. Usiitegemee kushika uzi wa skrubu. Ikipita mbali juu ya 300 huanza kutoa mafusho ya sumu, na anayeyavuta anaweza kupata homa inayofanana na mafua makali. Kipande kilichoanza kubadilika rangi kitupe.

Bomba la PVC kama mpini? Hulainika karibu na nyuzi 80, na likiungua hutoa kloridi ya hidrojeni inayochoma koo na kula vyuma. Hapana.

"Plastiki zote huzuia umeme sawasawa"

Mashine ya TIG inayowasha tao kwa masafa ya juu hurusha volti elfu kadhaa, na volti hizo zinatafuta mwanya. Plastiki yenye vinyuzi vya kaboni ni imara na inapendeza, lakini inapitisha umeme. Bakelaiti iliyokwisha kuungua ina njia ya mkaa, na mkaa ni njia ya umeme. Nailoni hunyonya unyevu wa hewa. Kwa mpini unaoshikwa na mkono uliolowa jasho, mimi naangalia hili kabla ya joto.

Tochi za oksijeni na asetilini ziko nje ya mjadala. Plastiki nyingi huwaka kwa ukali ndani ya oksijeni safi. Sehemu yoyote inayopitisha oksijeni nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, usijikerezee.

"Nitajua kwa kugusa"

Mkono ni kipimajoto kibovu. Funga waya wa thamokapo (kipimajoto cha waya) kwenye shaba, pale mpini utakapokaa, kisha chomelea kwa ampia na muda unaokusudia kutumia. Chagua plastiki inayovumilia angalau nyuzi 50 zaidi ya kile utakachosoma. Usisome mara tu unapoachia swichi. Gesi ikishakatika, joto lililobaki kichwani linaendelea kupanda shingoni bila kitu cha kulipoza, kwa hiyo subiri dakika mbili tatu uandike namba ya juu kabisa.